Kutomea: Habari za Uashi wa Mawe na Chokaa Katika Pwani ya Waswahili

Hapana mwalimu wa shule asiyeijua methali hii, Usipoziba ufa utajenga ukuta. Twaifundisha watoto wangali wadogo, na twaieleza kuwa ni onyo juu ya kosa dogo, au deni dogo, au ugomvi mdogo ulioachwa hata ukakua. Maelezo hayo ni ya haki. Lakini mwulize mwanafunzi, au pengine mwalimu mwenyewe, ufa huo huzibwa kwa kitu gani na kwa namna gani, naye aghalabu atajibu upesi, Kwa saruji. Jibu hilo, likiwa ni la ukuta wa kale wa mawe na chokaa, laweza kuleta hasara kubwa kuliko ule ufa wenyewe.

Methali hii ilikuwa ya waashi kabla haijawa ya wahubiri. Makusudi ya makala hii ni kueleza kazi iliyoizaa, yaani kazi ya kuweka mawe na kujaza viungo vyake, pamoja na maneno yanayoitumikia kazi hiyo, ambayo mengine yaanza kusahauliwa. Jambo hili si la udadisi tu. Makanisa yetu mengi ya pwani, na shule, na nyumba za mapadre, yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Wenye kuyatunza si mafundi, bali ni makasisi na walimu. Wao ndio wanaomwita fundi, na wao ndio wanaomwambia anunue nini dukani. Basi yafaa wajue wanaagiza nini.

I. Maneno ya kazi

Kiswahili chatofautisha kujenga na kuaka. Kujenga ni neno pana: mtu hujenga banda la miti na makuti, hujenga boma, hujenga hata urafiki. Kuaka ni kujenga kwa mawe na chokaa tu, na ukuta uliojengwa hivyo husemwa umeakwa. Kutoka neno hilo twapata mwashi, kama vile kutoka kupika twapata mpishi, na kutoka kuandika twapata mwandishi. Sauti ya k hugeuka sh mbele ya i. Siku hizi kitenzi chenyewe ni nadra kusikiwa, lakini mtoto wake, mwashi, yu hai, na wasomaji wa Biblia wamzoea katika Zaburi ya 118, pale penye habari za jiwe lililokataliwa.

Vyombo vya mwashi si vingi. Wa kwanza ni mwiko. Neno hili lina maana tatu: mwiko wa kusongea ugali, mwiko wa kuchotea na kupakia chokaa, na mwiko ulio katazo. Mbili za kwanza zaonekana wazi kuwa ni jamaa, kwa kuwa mpishi na mwashi wote wawili hukoroga na kupakua. Chombo cha pili ni timazi, yaani uzi wenye kitu kizito mwisho wake, wa kupimia kama ukuta umesimama wima. Nalo ni neno lililomo katika maono ya nabii Amosi, sura ya 7. Cha tatu ni pimamaji, cha kujulia usawa wa ulalo. Cha nne ni nyundo ya kuvunjia mawe. Cha tano ni kipande, ambacho hapa si sehemu ya kitu, bali ni kigogo kidogo cha kupigilia sakafu.

Tena liko neno lililo kichwa cha makala hii, kutomea. Kutomea ukuta ni kujaza nafasi baina ya jiwe na jiwe kwa chokaa na kokoto, kwa kuzisukuma ndani na kuzikaza, hata uso wa ukuta uwe umefungwa. Mafundi wengi sasa husema kuziba au kupiga lipu, lakini maneno hayo hayatoshi. Kuziba ni kufunika tundu lo lote, na kupiga lipu ni kuvika ukuta mzima. Kutomea ni kazi ya kiungo kwa kiungo.

II. Jiwe

Mawe ya pwani yote ni watoto wa bahari, lakini ni ya namna mbili. La kwanza ni tumbawe lenyewe, linalokatwa baharini lingali na maji. Jiwe hilo ni jepesi, nalo likitoka majini ni laini, huchongeka kwa shoka. Likikaa hewani hukauka na kuwa gumu. Kwa sababu hiyo wazee walilitumia penye nakshi: vibla vya misikiti, miimo ya milango, na zile safu za zidaka ambazo huonekana katika nyumba za Lamu. Katika msikiti wa Kizimkazi, Unguja, yamo maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika jiwe la namna hii, yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijra, ndio mwaka 1107 wa Masihi. Husuni Kubwa ya Kilwa Kisiwani, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman lililojengwa mapema katika karne ya 14, ni ushahidi mwingine wa ustadi huo.

La pili ni jiwe la mwamba wa nchi kavu, yaani matumbawe ya zamani sana yaliyoachwa na bahari yakawa mwamba. Hili huchimbwa. Ni gumu, lina mashimo, tena halikubali kuchongwa sawasawa. Kila pande lina umbo lake. Kuta nyingi za Unguja, Lamu, Mombasa na Bagamoyo zimeakwa kwa jiwe hili.

Katika sifa hiyo ya jiwe ndimo yatokamo mambo yote yafuatayo. Mwashi wa Ulaya aliyekata mawe yake yakawa na pembe nne aweza kuyapanga yakakaa karibu karibu, na chokaa ikawa kama utando mwembamba tu. Mwashi wa pwani hawezi. Mawe yake hayapatani, na baina yao hubaki nafasi pana. Kwa hiyo huufanya ukuta kuwa mnene, mara nyingi nusu mita na zaidi, na sehemu kubwa ya unene huo si jiwe, bali ni chokaa na kokoto. Mtu atazamaye ukuta wetu hudhani aona mawe yaliyoshikwa na chokaa kidogo. Kwa kweli aona mawe yanayokaa ndani ya chokaa kama zabibu ndani ya mkate. Chokaa ikifa, hapana ukuta.

Neno moja la kuonya hapa. Tumbawe lililo hai ni maskani ya samaki na ngome ya ufuo, na katika hifadhi za bahari kulivunja kumekatazwa. Atakaye mawe ya kutengenezea jengo la kale na ayatafute katika magofu yaliyokwisha kuanguka ya jengo lile lile, au katika machimbo ya nchi kavu.

III. Chokaa

Chokaa ya pwani hupatikana kwa kuchoma mawe yale yale ya matumbawe. Kwa desturi ya kale hapajengwi tanuri la matofali. Magogo hupangwa kwa duara, safu juu ya safu, na nafasi huachwa katikati ya kutilia moto. Vipande vya mawe hupangwa juu. Moto ukishika, huwaka mchana na usiku, na magogo yakiisha kuwa majivu, mawe hushuka chini yakiwa meupe na mepesi.

Wepesi huo una sababu. Jiwe la matumbawe limefanyika kwa kalisi iliyofungamana na hewa ya kaboni. Joto la digrii 900 hivi za Selsiasi huifukuza hewa ile, na jiwe hupungukiwa na uzito karibu nusu: kilo 100 za jiwe safi huacha kilo 56 tu. Kilichobaki ni chokaa mbichi, kitu kikali, chenye kiu. Ikimwagiwa maji huchemka yenyewe na kutoa mvuke, kisha huanguka ikawa unga au uji mzito. Na hapo husemwa chokaa imezimwa. Mafundi wazuri hawaitumii siku ile. Huifunika na kuiacha majuma kadha wa kadha, hata miezi, ili kila chembe ipate kuzimika; kwa maana chembe iliyobaki mbichi ikitiwa ukutani hufura baadaye na kupasua kazi.

Chokaa iliyozimwa huchanganywa na mchanga. Kipimo kinachofaa kazi nyingi ni fungu moja la chokaa kwa mafungu matatu ya mchanga. Katika Unguja wazee walitia na udongo mwekundu. Mchanga usiwe wa pwani usiooshwa, maana chumvi yake huingia ukutani wala haitoki tena kwa urahisi. Tena mchanganyiko hutaka kukorogwa na kupondwa kwa muda mrefu kuliko avumiliavyo kibarua mwenye haraka. Nabii Ezekieli, sura ya 13, asimulia habari za ukuta uliopakwa chokaa mbovu na mvua iliyoujia. Mwashi ye yote wa pwani angalimfahamu bila mfasiri.

Jinsi chokaa ikazavyo ni jambo la kustaajabisha. Haikazwi na maji, bali na hewa. Polepole, siku baada ya siku, huirudisha ile hewa ya kaboni iliyofukuzwa na moto, na kwa kuirudisha huwa jiwe tena. Katika ukuta mnene kazi hii yachukua miaka. Basi chokaa ni jiwe lililovunjwa, likachomwa, likazimwa, kisha likarudishwa kuwa jiwe mahali tunapolitaka.

IV. Kuaka ukuta

Msingi huchimbwa hata kufikia ardhi ngumu au mwamba. Mawe makubwa huwekwa chini. Kila jiwe hulazwa kwa ubavu wake mpana, kama lilivyolala katika mwamba, wala halisimamishwi kwa ncha. Jiwe kavu huloweshwa kwanza, maana jiwe lenye kiu hunywa maji ya chokaa na kuiacha ikiwa vumbi.

Nyuso mbili za ukuta hupandishwa pamoja, na kati yake hujazwa mawe madogo na chokaa. Kila baada ya hatua fupi huwekwa jiwe refu lenye kupita toka uso huu hata karibu na uso wa pili, ili nyuso zisiachane. Ukuta usio na mawe hayo hupasuka katikati kama mwanzi. Mawe ya pembeni huchaguliwa kwanza, nayo ndiyo makubwa na yenye sura njema. Kiungo kisikae juu ya kiungo, bali jiwe la juu lifunike nafasi iliyo baina ya mawawili ya chini. Timazi hupimwa mara nyingi. Kisha kazi husimama, ukuta upumzike, chokaa ipate kushika kabla uzito mwingine haujaongezwa. Haraka ndiyo adui mkubwa wa uashi wa chokaa.

Juu ya kuta hulazwa boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopima upana wa vyumba vya pwani: kwa kuwa boriti haziwezi kuchukua dari nzito zaidi ya mita tatu hivi, chumba huwa kirefu lakini chembamba. Mgeni aingiaye nyumba ya Lamu na kuuliza kwa nini vyumba vimefanana na ushoroba, jibu lake limo katika msitu wa mikoko.

V. Sakafu na ua wa mawe

Neno sakafu lina habari yake. Katika Kiarabu saqf ni paa au dari, kitu kilicho juu ya kichwa. Katika Kiswahili sakafu ni pale pakanyagwapo. Mtu aweza kudhani Waswahili walikosea, sivyo. Paa la nyumba ya mawe lilikuwa bapa, nalo lilifanywa kwa kazi ile ile ya chini: juu ya boriti hupangwa mawe membamba, kisha hutandazwa zege la kokoto na chokaa, na kupigiliwa. Paa la mtu wa chini ni sakafu ya mtu wa juu. Neno likabaki na kazi, wala halikujali kama iko juu au chini.

Kupigilia sakafu kulikuwa kazi ya watu wengi pamoja. Walikaa safu, kila mtu na kipande chake, wakapiga kwa mwendo mmoja wa wimbo, huku maji yakinyunyizwa, siku baada ya siku, hata zege likatoa utomvu wake juu na kuwa kama kioo. Wimbo haukuwa pambo tu. Zege la chokaa lataka kupigwa pole pole na sawasawa kila mahali. Na pasipo wimbo, huyu hupiga sana na huyu kidogo, na sakafu hupasuka pale walipotofautiana.

Mawe yaweza kutandikwa uani pia, na hili ni jambo ambalo mashamba ya misheni hulihitaji mara nyingi, mbele ya mlango wa kanisa au kando ya kisima. Kwanza udongo laini huondolewa hata kufikia ardhi imara, kisha hutiwa kifusi na kushindiliwa. Uzi hufungwa, nao uwe na mwinamo wa sentimita 2 kwa kila mita, ukielekea mbali na nyumba. Juu ya kifusi hutandazwa mchanga na chokaa, unene wa sentimita 5 hivi. Mawe ya kando hulazwa kwanza, ndiyo yanayozuia mengine yasitambae. Kisha ya katikati, uso bapa ukiwa juu. Kila jiwe hugongwa kwa mpini wa nyundo: likilia wazi kama debe tupu, chini yake mna nafasi, na lazima liinuliwe likalazwe tena. Pembe za mawe manne zisikutane mahali pamoja. Kesho yake, tandiko likiisha kushika, ndipo viungo hutomewa. Wala ua usifungwe kwa saruji hata kugusa ukuta wa kale. Uachwe ukanda wa kokoto tupu, unyevu wa ardhi upate pa kutokea.

VI. Kutomea

Sasa twafikia kazi yenyewe. Viungo vya ukuta wa chokaa havikufanywa vidumu milele. Mvua hupiga, chumvi hula, mizizi ya mtini huingia, na baada ya miaka chokaa ya nje huanza kuwa unga. Hii si aibu ya mjenzi. Kiungo hufa ili jiwe liishi, na kiungo hutengenezwa tena kwa gharama ndogo, bali jiwe haliwezi.

Kutomea hufanywa hivi. Chokaa iliyokufa hukwanguliwa kwa chombo cha mkono, kwa kina kipatacho mara mbili ya upana wa kiungo, kisichopungua sentimita 2. Nyundo kubwa na mashine visitumike, kwani huvunja pembe za mawe. Vumbi hupigwa brashi, kisha kiungo huloweshwa, mara moja, mara mbili, hata kisinywe tena. Chokaa iwe nzito, yenye maji machache. Husukumwa ndani hata mwisho, na penye nafasi pana hutiwa kokoto katikati yake, zikakazwa kwa mkono. Tundu la kina kirefu halijazwi kwa siku moja, bali kwa tabaka, kila tabaka ikipewa nafasi ya kushika. Uso wa kiungo uwe sawa na uso wa jiwe au ndani yake kidogo. Usipakwe juu ya jiwe. Baada ya saa chache, chokaa ikianza kukaza, husukumwa tena na kusuguliwa kwa brashi ngumu, ili nyufa za kukauka zifunge. Kisha ukuta hutiwa kivuli kwa magunia yaliyoloweshwa, siku nne au tano, kwa maana jua la pwani hukausha chokaa kabla haijapata kukaza, nayo hubaki mchanga mtupu.

Hiyo ndiyo ziba ufa ya methali. Yataka mtu mmoja, ndoo moja na mwiko mmoja, kila mwaka baada ya masika. Nyumba iliyopewa haki yake hiyo husimama. Nyumba iliyonyimwa hupokea maji ndani ya tumbo la ukuta, udongo na chokaa hushuka, nyuso mbili huachana, na siku moja ya mvua ukuta hulala chini.

VII. Saruji, neno na kitu

Saruji nayo ni neno la kale kuliko kitu tukiitacho hivyo leo. Katika Oman na Uajemi ni jina la mchanganyiko wa udongo uliochomwa na chokaa, uliotumika katika ngome na mifereji ya maji. Saruji ya magunia ni kitu kingine. Hati yake ya kwanza ilipewa Mwingereza Joseph Aspdin mwaka 1824. Katika nchi zetu ilikuwa bidhaa ya kuagizwa ng'ambo, hata kiwanda cha Bamburi kilipoanza kazi mwaka 1954, na cha Wazo Hill mwaka 1966. Tangu hapo gunia la saruji lilikuwa karibu, na tanuri la chokaa likawa mbali.

Mtu asidhani kwamba twailaani saruji. Kanisa Kuu la Kristo huko Mkunazini, Unguja, ni shahidi wake mwema. Jiwe la msingi liliwekwa siku ya Noeli mwaka 1873, mahali palipokuwa soko la watumwa, mwaka ule ule soko hilo lilipofungwa. Na Edward Steere, aliyeisimamia kazi ile, alilifunika kanisa kwa kuba refu la zege la matumbawe yaliyopondwa na saruji. Mwenyewe alifariki mwaka 1882, akazikwa nyuma ya altare. Kuba lile ni mwili mmoja, lilipangwa tangu mwanzo kuwa la saruji, na hapo saruji ilikuwa mahali pake.

Hatari yaanza saruji ikitiwa katika kiungo cha ukuta wa chokaa. Ukuta wetu hunywa unyevu toka ardhini na toka mvuani, kisha huutoa kwa njia ya viungo, ambavyo ni laini kuliko jiwe. Viungo vikifungwa kwa saruji, iliyo ngumu, tena isiyopitisha unyevu ila kwa shida, maji hayaachi kuingia. Hukosa tu pa kutokea. Basi hutokea kwa njia ya jiwe lenyewe. Nayo yana chumvi, na maji yakikauka chumvi hubaki ndani ya vitundu vya jiwe, hukua kuwa chembe ngumu, na kuubomoa uso wake kidogo kidogo. Tena ukuta ukitaka kutikisika, kama kila ukuta utikisikavyo kwa joto na baridi, chokaa huuridhia, lakini saruji hukataa, na jiwe ndilo hupasuka.

Mwenye macho aweza kuiona kazi hiyo katika majengo mengi ya pwani. Mawe yameliwa yakaingia ndani, na viungo vya saruji vimesimama nje kama sega la nyuki lisilo asali. Mtengenezaji alitaka kuufanya ukuta uwe na nguvu. Akautia nguvu pale palipotakiwa kuwa dhaifu, na udhaifu ukahamia jiweni. Kanuni ya waashi yaweza kusemwa kwa maneno machache: kiungo kisiwe kigumu kuliko jiwe.

VIII. Wajibu wa watunzaji

Mji Mkongwe wa Unguja uliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na Lamu mwaka 2001. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yalitangulia mwaka 1981. Lakini orodha haishiki mwiko. Magofu hayo ya Kilwa yalihesabiwa kuwa katika hatari tangu mwaka 2004 hata mwaka 2014. Na Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, lililokuwa fahari ya Unguja, sehemu yake iliporomoka siku ya Noeli mwaka 2020, likaua watu wawili. Ukuta ukianguka hauchagui wa kumwangukia, na katika kanisa au shule walio chini ya ukuta ni watoto.

Basi mtunzaji wa jengo la kale afanye mambo haya. Kila mwaka, masika yakiisha, alizunguke jengo lake kwa miguu, atazame viungo, akiviguza kwa kidole. Pale chokaa inapotoka kama unga, aweke alama. Ang'oe miche ya mtini ingali midogo. Asafishe mifereji ya paa, kwa maana ukuta hauwezi kushinda maji yanayoshuka mahali pamoja kila siku. Amtafute fundi ajuaye chokaa, na kama fundi huyo ni mzee, ampe kijana wa kumfuata. Wala asimwache fundi peke yake. Katika Kanisa la Mkunazini wageni husimuliwa kwamba nguzo za karibu na mlango zilisimamishwa kichwa chini, askofu akiwa safarini. Iwe ni kweli au ni hadithi, asimamiaye kazi na awepo penye kazi.

Na mwalimu naye ana wajibu wake. Siku ya kuifundisha methali ya ufa, awatoe watoto nje, awapeleke penye ukuta wa mawe, awaonyeshe jiwe, na kiungo, na mahali chokaa ilipolegea. Awape neno kutomea. Yule mtoto aliyekwisha kutomea kiungo kimoja kwa mkono wake haitaji tena maelezo ya methali, na huenda siku moja ukuta wa kanisa lake ukamhitaji.